Kompyuta ya Kuongezea: Somo kwa Mwanachuo Mwenye Kazi Nzito na Mfuko Mwepesi

Wiki mbili kabla ya kukabidhi miradi ya mwisho, wanachuo hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linachapa ripoti, linasoma PDF, linatuma kwa msimamizi, basi. Laptopu yoyote inayowaka inalitosha. Kundi la pili limebonyeza kitufe kimoja na linasubiri. Huyu anasubiri video ya dakika kumi na mbili imalize kutoka, yule anasubiri ramani ya QGIS ifunguke, mwingine ana jedwali la data lenye mistari laki kadhaa na mashine imeganda kabisa. Vitabu viwili vimewekwa chini ya laptopu ili ipate hewa, na feni inalia kama mashine ya kusaga.

Makala hii ni ya kundi la pili. Hoja yangu ni moja: kama kazi yako ni nzito na pesa yako ni ya kudunduliza, usinunue kasi ya leo, nunua nafasi ya kuongezea kesho. Nafasi hiyo, kwa bei tunazoziweza sisi, inapatikana kwenye kompyuta ya mezani. Lakini siyo kila kompyuta ya mezani. Zipo mbili zinazotoka kampuni moja, mwaka mmoja, bei zimekaribiana, na moja inaongezeka huku nyingine ilishafika mwisho siku ilipotoka kiwandani. Tofauti yake unaijua kwa kufungua kifuniko na kutazama kwa dakika tano. Tujifunze kutazama.

Watu wa kazi nzito ni akina nani?

Mtu akisikia "kompyuta yenye nguvu" anafikiria wacheza gemu. Wapo, siwakatai. Ila ukizunguka ukanda huu wa Meru utaona mahitaji ni mapana kuliko hapo. Pale Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela, ambako watu wanasoma shahada za uzamili na uzamivu za sayansi na uhandisi, kazi yao ya kila siku ni data. Chuo cha Ufundi Arusha kina vijana wa kuchora majengo na mitambo. Makao makuu ya TANAPA na ya TAWIRI yako hapa hapa Arusha, na kila anayefanya utafiti wa wanyama au mazingira mwishowe anakutana na ramani na picha za satelaiti. Mji wenyewe ni wa utalii, na utalii unakula picha na video kila siku. Mwanachuo mwenye kamera na anayejua kuhariri hakosi kibarua. Halafu kuna muziki. Mji uliowatoa X Plastaz na Nako 2 Nako haujawahi kuishiwa na vijana wanaotengeneza biti chumbani, na studio ya chumbani ni kompyuta moja, spika mbili na kipaza sauti.

Hawa wote wanalalamika neno moja, "mashine yangu nzito", lakini uzito wao haufanani, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Anayetumia R kuchambua data anabanwa na RAM, kwa sababu R kwa kawaida inapakia data yote kwenye RAM kabla ya kuifanyia hesabu. Data ikizidi nafasi, mashine inaganda, hata prosesa iwe kali vipi. Anayehariri video kwa DaVinci Resolve anabanwa na vitu viwili, RAM na kadi ya grafiki. Watengenezaji wake wenyewe wanataka angalau GB 16 za RAM, na GB 32 ukitumia sehemu ya Fusion. Anayetengeneza picha za 3D kwa Blender anataka kadi ya grafiki kuliko chochote. Mpiga picha anataka diski kubwa, na diski ya pili ya kuhifadhia nakala. Mtu wa muziki anataka RAM ya kubeba sauti nyingi kwa pamoja, na diski isiyosuasua.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "ninunue kompyuta gani", jiulize "kazi yangu inabanwa na nini?" Kwenye Windows fungua orodha ya kazi zinazoendelea kwa Ctrl, Shift na Esc wakati mashine imekwama, uone kipi kimefika asilimia mia: prosesa, RAM, diski au kadi ya grafiki. Hicho ndicho unachotakiwa kuongeza. Swali linalofuata ni kama mashine yako inaruhusu.

Kwa nini laptopu inakufungia mlango

Laptopu ni chombo kizuri. Unaibeba, ina betri, umeme ukikatika unaendelea. Tatizo lake ni kwamba nyingi za siku hizi zimefungwa. RAM imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, au iko pamoja na prosesa. MacBook Air ya M1 iliyotoka 2020 ni mashine nzuri mno, lakini aliyeinunua ikiwa na GB 8 atazikwa nayo ikiwa na GB 8. Hakuna fundi wa kukuongezea. Kadi ya grafiki kwenye laptopu nyingi pia huwezi kubadilisha. Kwa hiyo siku kazi yako inapokua, unauza mashine nzima kwa hasara na kununua nyingine nzima. Ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu umepata mtoto wa tatu.

Na msidhani kilio hiki ni cha wenye shida tu. Mwaka 2013 Apple walitoa Mac Pro ya umbo la mtungi mweusi, nzuri kwa macho lakini isiyo na nafasi za kuongezea kadi ndani. Wahariri wa filamu na watu wa 3D, wateja wao wenye pesa kabisa, walilalamika miaka. Mwaka 2017 kampuni yenyewe ilikiri kwamba umbo lile liliwabana, na mwaka 2019 ikarudi na kasha kubwa lenye nafasi za kadi ndani yake. Bei ya kuanzia? Dola 5,999, bila skrini. Nafasi imerudi, ila wa kawaida kaachwa nje. Watu wengi duniani wanachotaka kiko katikati: mashine ya bei ya kawaida inayofunguka. Sisi huku tuna bahati moja, kwamba mashine hiyo ipo madukani ikiwa mtumba.

Nafasi hizi zilianzia wapi

Mwaka 1977 Apple II ilitoka ikiwa na nafasi nane ndani za kuchomeka kadi za ziada. Agosti 1981 IBM wakatoa PC yao, kwa bei ya kuanzia ya dola 1,565, ikiwa na nafasi tano, na wakachapisha maelezo ya namna ilivyoundwa ndani. Kampuni nyingine zikaanza kutengeneza kadi za kuingia humo, na punde zikatengeneza kompyuta nzima zinazofanana nayo. Ushindani huo ndio ulioshusha bei. Mwaka 1995 Intel wakaleta kipimo cha ATX: ukubwa wa ubao, matundu ya skrubu, plagi ya umeme. Tangu hapo pawa saplai ya kampuni hii inaingia kwenye kasha la kampuni ile. Ndiyo maana fundi wa Arusha anaweza kufufua mashine kwa spea ya mashine nyingine iliyokufa. Amerithi makubaliano ya watu wengine.

Kwetu historia ilikwenda njia nyingine. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya hesabu za serikali zilizoingizwa kwenye kompyuta kuleta matatizo makubwa, serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta na televisheni. Zuio hilo lilikuja kulegezwa polepole. Unaweza kulicheka, lakini lina funzo: mashine ambayo walioinunua hawaijui ndani inageuka mzigo. Leo hakuna anayetuzuia kuagiza. Ila tukiendelea kununua masanduku tusiyojua kuyasoma, tunazuiwa kwa njia nyingine.

Jinsi ya kulisoma sanduku

Ukienda dukani mjini utakuta safu za mashine zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Muuzaji atakwambia "hii ni Core i7, ina GB 8, moto!" Mshukuru, kisha omba bisibisi. Tazama mambo haya kwa mpangilio.

1. Umbo. Mashine ya jina lilelile hutoka kwa maumbo tofauti. Kuna tawa, ile inayosimama na ina tumbo pana. Kuna nyembamba, inayolala au kusimama, kama nusu ya tawa. Na kuna mini, ndogo kama kitabu kinene. Mini hazina nafasi ya kadi ya grafiki kabisa, zinatumia RAM ndogo za laptopu, na umeme wake unatoka kwenye adapta ya nje. Nyembamba inakubali kadi za urefu wa nusu tu, ambazo ni chache na bei yake huwa juu. Tawa inakubali kadi za kawaida na diski zaidi ya moja. Duka linaweza kuuza nyembamba na tawa kwa bei zinazokaribiana, kwa sababu wateja wengi wanapenda isiyojaza meza. Wewe chukua tumbo.

2. RAM. Usiulize tu "ina ngapi?", uliza "zimekaa vipi?" GB 8 za kijiti kimoja, na nafasi tatu ziko wazi, ni habari njema. GB 8 za vijiti vinne vya GB 2, nafasi zimejaa, maana yake ukitaka kuongeza lazima utoe. Tazama pia aina. Mashine za 2012 na 2013 zinatumia DDR3, za kuanzia 2015 na kuendelea nyingi ni DDR4. Haziingiliani, kikato cha chini kiko mahali tofauti, kwa hiyo usilazimishe. Weka vijiti viwili viwili vinavyofanana, mashine inafanya kazi vizuri zaidi.

3. Nafasi ya kadi. Ndani ya tawa utaona mstari mrefu wa plastiki kwenye ubao mkuu. Hiyo ni PCI Express ya x16, mafundi wanaiita sloti ya grafiki. Uzuri wake ni kwamba vizazi vyake vinaelewana: kadi ya 2019 inaweza kufanya kazi kwenye sloti ya mashine ya 2012. Kwa sheria za kipimo hicho, sloti yenyewe inatoa umeme usiozidi wati 75. Zipo kadi zilizotengenezwa kuishi na umeme huo bila waya wa ziada, kama GTX 1050 Ti ya 2016 na matoleo mengi ya GTX 1650 ya 2019. Hizo ndizo rafiki wa mashine za ofisini. Hakikisha tu kwamba kadi unayouziwa haina tundu la waya wa umeme pembeni.

4. Pawa saplai. Soma lebo yake. Mashine nyingi za ofisi zina wati kati ya 240 na 320, zinatosha kwa kadi ya wati 75, hazitoshi kwa kadi kubwa. Je, unaweza kubadilisha? Hapa ndipo penye mtego. OptiPlex 7010 ya tawa, ile ya 2012, ina plagi ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo pawa saplai ya ATX inaingia. OptiPlex 9020 na EliteDesk 800 G1, zilizokuja mwaka mmoja tu baadaye, zina plagi za kampuni zenyewe, utahitaji waya wa kubadilishia. Hesabu pini kabla ya kuhesabu pesa.

5. Kizazi cha prosesa. "Core i7" peke yake haina maana. Soma namba inayofuata. i5-3470 ni kizazi cha 3, i7-8700 ni cha 8, i5-12400 ni cha 12. Kwa kazi nyingi i3-8100 ya 2017 inaipita i7-2600 ya 2011, japo jina la pili linatamkwa kwa kujivuna. Angalia na jina la mashine pia: Dell walirudia jina OptiPlex 7010 mwaka 2023 kwa mashine ya kizazi cha 13. Ukiona tangazo la "7010" uliza ni ipi, maana zimeachana miaka kumi na moja.

Kizazi kina maana nyingine sasa hivi. Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0. Mashine za kizazi cha 7 kushuka chini, hata ziwe nzima kabisa, maofisi yanazitoa. Hii ni neema na mtego kwa pamoja. Ni neema kama unatumia Linux, kwa mfano Ubuntu, au kazi yako ni Blender, R na QGIS ambazo zote zinafanya kazi kwenye Linux. Ni mtego kama programu yako ni ya Windows pekee na unataka mashine ya miaka mitano ijayo. Hapo jikaze ufike kizazi cha 8, mfano OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4.

6. Ukaguzi wa mwisho. Iwashe na ingia kwenye mipangilio ya BIOS. Ikidai nenosiri, na muuzaji halijui, iache. Tazama kapasita kwenye ubao mkuu, zilizovimba kichwani ni ugonjwa. Angalia saa na tarehe: zikirudi nyuma kila ukizima, betri ndogo ya CR2032 imekwisha, na hiyo ni bei ya soda. Kama mashine imetoka Marekani, tazama nyuma ya pawa saplai kama kuna swichi nyekundu ya 115 na 230. Huku kwetu ni 230. Ikiwa imewekwa 115, ukichomeka tu umeiua.

Kuna familia nyingine ambayo wengi hawaijui, zile za kazi nzito zenyewe: HP Z420 ya 2012, Z440 ya 2014, Dell Precision za miaka hiyo. Z440 ina nafasi nane za RAM na pawa saplai ya wati 700. Kwa mtu wa data au 3D hii ni shamba la ekari kumi. Ila zina masharti: prosesa zake za Xeon E5 hazina grafiki ndani, lazima uweke kadi ndipo upate picha kwenye skrini. Z440 inataka RAM ya aina ya seva, usije ukachanganya na ya kawaida. Na ni nzito, mtabeba wawili.

Kuongeza kwa awamu

Watanzania wengi hatujengi nyumba kwa siku moja. Unanunua kiwanja, mwaka unaofuata msingi, kisha ukuta, bati, unahamia chumba kimoja huku vingine havina plasta. Hakuna anayekucheka kwa sababu kila mtu anaona nyumba inapanda. Kompyuta ya tawa ndiyo kompyuta pekee inayokubali utaratibu huo.

Tuseme wewe ni mhariri wa video wa mwaka wa kwanza. Awamu ya kwanza, nunua tawa yenye ubao na prosesa nzuri, hata kama ina RAM kidogo na diski ya kuzunguka ya zamani. Skrini azima au nunua ya kawaida. Awamu ya pili, weka SSD ya GB 240 au zaidi kwa ajili ya Windows na programu, diski ya zamani ibaki kuhifadhi mafaili. Badiliko hili ndilo utakalolisikia kuliko yote: mashine iliyokuwa inawaka kwa dakika tatu inawaka kabla hujavuta kiti. Awamu ya tatu, RAM ifike GB 16. Awamu ya nne, kadi ya grafiki ya wati 75. Kila awamu ni pesa ya kibarua kimoja au viwili, na katikati ya awamu hujasimama, unafanya kazi. Mwaka wa tatu una mashine ambayo ungeambiwa uilipie kwa mkupuo mwaka wa kwanza ungekimbia.

Kanuni ya awamu ni hii: ya kwanza lazima iwe ile usiyoweza kuibadilisha baadaye. Umbo la kasha, ubao mkuu, plagi ya umeme. RAM na diski zitafuata. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunalipia GB 16 zilizokwisha kuwekwa ndani ya kasha jembamba lisilo na njia, halafu mwaka unaofuata tunatafuta mteja wa kumuuzia.

Na boom? Boom ni ya chakula, malazi na vitabu. Siwashauri mlale njaa kwa ajili ya kadi ya grafiki. Awamu zipo ili usilazimike kufanya hivyo.

Umeme, wizi na kubeba

Hoja dhidi ya kompyuta ya mezani ni za kweli, tusizikwepe.

Umeme ukikatika inazima papo hapo. Dawa yake ni UPS, hata ndogo. Haitakuendesha saa nzima, inakupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Umeme wa Arusha unajulikana, usiweke mashine ya mradi wa mwisho kwenye soketi bila kinga. Matumizi je? Tawa ya ofisi inayofanya kazi, pamoja na skrini, tuchukue wati 100. Saa sita kwa siku ni uniti 0.6, mwezi ni uniti 18. Laptopu ya wati 40 kwa saa hizohizo ni uniti 7 na kidogo. Tofauti ni uniti kama 11 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya luku ya unakoishi, na kama mita ni ya kuchangia, zungumza na wenzako mapema kabla ya ugomvi.

Huwezi kuibeba kwenda darasani. Kweli. Lakini kazi nzito haifanyiki darasani. Kwa notisi na mawasilisho simu au laptopu kuukuu inatosha, na ukiwa nazo zote mbili bado unaweza kuwa umetumia pesa kidogo kuliko laptopu moja mpya ya gemu.

Wizi upo. Tawa kubwa haiingii kwenye begi la mgongoni, na hiyo ni kinga ya aina yake, ila andika namba ya siri ya kiwandani iliyo nyuma ya kasha na uitunze pamoja na risiti. Vumbi letu la kiangazi nalo ni adui. Fungua kifuniko kila baada ya miezi michache, pulizia, safisha feni. Baridi ya Juni na Julai itakusaidia bure.

Na kama wewe ni wa kundi la kwanza, wa kuchapa na kusoma, hauhitaji haya yote. Usinunue tawa kwa sababu umesoma makala.

Kwa walimu watarajiwa na serikali ya wanafunzi

Nasoma ualimu, kwa hiyo naliona suala hili na upande wa pili. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, serikali iligawa vishikwambi kwa walimu, vikiwemo vilivyotumika kwenye sensa hiyo. Vinasaidia kuandaa somo na kutunza kumbukumbu. Lakini kishikwambi huwezi kukifungua mbele ya kidato cha pili ukawaonyesha RAM ni ipi na diski ni ipi. Tawa kuukuu unaweza. Mwanafunzi akishachomoa kijiti cha RAM na kukirudisha, mashine ikawaka, haogopi tena kompyuta. Shule ya sekondari yenye tawa kumi za aina moja ina maabara, na ya kumi na moja iliyokufa ni stoo ya spea.

Wengi wetu tutafika kwenye shule ambako mkuu atasema "mwalimu mpya, wewe kijana, tuandikie mahitaji ya chumba cha kompyuta." Siku hiyo usiandike tu "kompyuta 20, Core i5". Andika: umbo la tawa, zote za modeli moja, nafasi za RAM zisizopungua nne na angalau mbili ziwe wazi, sloti ya PCI Express x16, pawa saplai ya plagi ya kawaida, BIOS isiyo na nenosiri. Sentensi hiyo moja itaiokoa shule kununua upya baada ya miaka mitatu.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi nina maombi mawili yasiyo na gharama kubwa. Kwanza, chuo kinapoondoa kompyuta za zamani maabara, tuombe zile za tawa zisiuzwe kwa kilo bali zipewe klabu ya kompyuta kama spea na vifaa vya kujifunzia. Pili, wiki ya mwisho kabla ya boom, tuwe na Jumamosi moja ambayo wanaojua kufungua mashine wanakaa na wasiojua, bisibisi mkononi, kila mmoja afungue kifuniko angalau mara moja. Atakayetoka hapo akaenda dukani mjini ataulizwa na muuzaji, "unataka i5 au i7?" Naye ajibu, "Kwanza nifungulie nione ndani."